Basi la Ghorofa na Konda Wake

Kuna basi moja London ambalo halidaiwi tena hesabu jioni, wala halipigani na mengine kituoni kugombea abiria. Linaoshwa, linapakwa mafuta, linalazwa ndani kama bibi harusi. Namba yake ya usajili ni SLT 56. Namba yake ya kikazi ni RM1. Liliundwa mwaka 1954, na ndilo la kwanza kabisa katika ukoo wa mabasi ya Routemaster, yale mekundu ya ghorofa unayoyaona kwenye kadi za posta na fulana za watalii. Leo hii linatunzwa na London Transport Museum, makumbusho ya usafiri ya jiji lile.

Utaniuliza, ndugu msomaji: sasa basi la Waingereza linatuhusu nini sisi tunaobanwa kwenye daladala na matatu? Ngoja kidogo, usishuke bado. Basi hili lina swali ndani yake, na swali lenyewe linamhusu kila kijana anayeshika kalamu. Watu wakitunza chombo cha zamani, je, wametunza na maisha ya waliokifanyia kazi? Au wametunza bati?

UFUNDI WA NDEGE

Tuanze na mafundi, maana heshima yao wanastahili.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, shirika la usafiri la London lililoitwa London Transport lilitwishwa kazi isiyokuwa yake. Lilipewa kuongoza kundi la viwanda vilivyounda ndege za kivita za Halifax. Mpaka vita inakwisha mwaka 1945, kundi hilo lilikuwa limetoa ndege 710. Huko ndiko watu wa mabasi walikojifunza kazi ya alumini. Walijifunza kupima kila kipande kwa makini, ili kipande chochote kiingie mahali pa mwenzake bila kupigwa nyundo.

Vita ilipokwisha, ujuzi ule haukutupwa. Kikosi cha wahandisi chini ya A. A. M. Durrant, akiwemo kijana aliyeitwa Colin Curtis, kilikaa pamoja na kampuni ya AEC wakabuni basi jipya. Sura yake ilichorwa na Douglas Scott. London wakati huo ilikuwa inategemea mabasi ya RT, karibu 7,000 ukiyahesabu pamoja na ndugu zake. RT lilikuwa na chasisi ya chuma chini na bodi juu yake, kama lori lililobebeshwa nyumba. Routemaster halikuwa na chasisi ya namna ile. Bodi yenyewe ya alumini ndiyo iliyobeba uzito, kama ilivyo kwa ndege. Kwa hiyo likabeba watu 64 waliokaa, pale ambapo RT lilikalisha 56, na bado likawa jepesi kuliko RT. Mabasi ya ukoo huu yalipotoka kiwandani kwa wingi yalikuwa na usukani wa pawa, gia zinazojibadilisha zenyewe, na magurudumu ya mbele ambayo kila moja lina springi yake. Kwa enzi zile, hayo yalikuwa makubwa. Gari ndogo nyingi za watu wenye pesa zilikuwa hazina.

Septemba 1954, RM1 likaonyeshwa hadharani katika ukumbi wa Earls Court. Tarehe 8 Februari 1956 likaanza kubeba abiria kwenye njia namba 2, kati ya Golders Green na Crystal Palace. Mwaka 1959 likaondolewa kwenye kazi ya abiria likawa gari la kufundishia madereva. Yaani huyu mzee wa ukoo hakuchapa kazi ya abiria hata miaka minne. Waliochapa kazi ni wadogo zake. Mpaka kiwanda kinafunga hesabu mwaka 1968, yalikuwa yametoka mabasi 2,876.

Na wadogo zake wana kisa chao. Kulikuwa na karakana kubwa mahali paitwapo Aldenham. Kwa kuwa vipande vyote vilipimwa sawasawa, basi likifikishwa pale lilifunguliwa, bodi huku, injini na magurudumu kule. Ya kutengenezwa yakatengenezwa, na likaungwa basi haraka lirudi barabarani. Mara nyingi lililotoka na namba fulani lilikuwa limevaa bodi ya jingine kabisa. Kwa hiyo mabasi mengi ya ukoo huu yanayotunzwa leo, namba ni ya basi moja na mwili ni wa basi jingine. Karakana ilifungwa mwaka 1986. Wapenzi wa mabasi wanabishana mpaka usiku wa manane, lipi ni lipi. Wanajua mpaka bolti. Hilo lishike, tutalirudia.

KIBARAZA NA KAMBA

Sasa tupande ndani.

Mbele kabisa, upande wa kulia, dereva amefungiwa peke yake katika kijumba chake, na injini iko ubavuni kwake. Hawezi kupokea nauli hata angetaka. Hamwoni abiria, hajui nani kapanda wala nani anashuka. Nyuma, kwenye kona ya kushoto, hakuna mlango. Kuna kibaraza wazi, nguzo ya kushika, na ngazi inayojikunja kwenda ghorofani. Hapo ndipo kwa konda.

Bila konda basi hili halikuendeshwa. Mashine ilibuniwa hivyo tangu mwanzo: watu wawili, mmoja wa usukani na mmoja wa watu. Konda alivaa kifuani mashine ya tiketi iitwayo Gibson, iliyoanza kutumika mwaka 1953. Anazungusha namba ya nauli, anapiga mkono wa pembeni, karatasi inatoka imechapwa. Mkanda wa mashine bega moja, mfuko wa sarafu bega jingine, halafu panda ngazi, shuka ngazi, gari likikata kona, siku nzima. Mashine hizo zilistaafu mwaka 1993.

Juu ya kichwa chake kulikuwa na kamba ya kengele iliyopita urefu wa basi. Kengele moja: simama kituo kinachofuata. Kengele mbili: twende. Kengele tatu: tumejaa, pitiliza. Nne: kuna hatari. Hiyo ndiyo lugha yote kati ya nyuma na mbele. Mtu mmoja anaona, mwingine anatii mlio.

Wenzangu, hapa sihitaji kuwafafanulia. Neno letu konda limetoka kwenye kondakta hilohilo. Na konda wetu hana kamba, anagonga bodi kwa kiganja au kwa sarafu, dereva anaelewa.

MWAKA ULEULE

Mwaka 1956, RM1 lilipoanza kazi, London Transport ilikuwa na shida ambayo ufundi wa ndege haukuweza kuitatua. Watu wa kazi walikuwa hawatoshi. Vijana wa Kiingereza walikimbilia viwandani, kwenye mshahara mzuri na mapumziko ya Jumamosi. Nani anataka kuamka usiku wa baridi kwenda depo, au kurudi nyumbani watoto wameshalala?

Mwaka huohuo wa 1956 shirika likamtuma ofisa wake, Charles Gomm, mpaka kisiwa cha Barbados katika bahari ya Karibi, kwenda kuajiri watu palepale kwao. Wakati huo Barbados ilikuwa bado koloni la Uingereza. Ilipata uhuru mwaka 1966. Serikali ya kisiwa iliwakopesha waajiriwa nauli ya safari, wakawa wanakatwa kwenye mshahara. Walitakiwa makonda wanaume, makonda wanawake, na watu wa kazi za stesheni. Mwaka 1966 shirika likaenda pia Trinidad na Jamaica. Uajiri ule uliendelea mpaka mwaka 1970.

Fikiria mwenyewe. Mtu anatoka kwenye jua, anafika na deni la nauli, na kazi anayopewa ni kusimama kwenye kibaraza kisicho na mlango katikati ya majira ya baridi. Wengine walikuwa na elimu na ufundi kuzidi kazi ile. Walikuja wakiamini wanakwenda kwa mama, maana ndivyo walivyofundishwa shuleni. Mama huyo walimkuta anabandika vibao kwenye nyumba za kupanga, vinasema weusi hawatakiwi.

Na wala usidhani vyama vya wafanyakazi vilikuwa mstari wa mbele kuwapokea. Mwaka 1955, katika mji wa West Bromwich, wafanyakazi wa mabasi waligoma kwa sababu Mhindi mmoja, narudia, mmoja, alikuwa amechukuliwa kujifunza ukonda. Miaka minane baadaye ikaja Bristol. Kampuni ya mabasi ya mji ule, Bristol Omnibus Company, iliwaajiri watu weusi kwenye karakana, lakini kwenye basi, mbele ya abiria, hapana. Kijana mmoja wa Jamaica, Guy Bailey, alipewa miadi ya usaili. Walipojua ni mtu wa wapi, miadi ikafutwa. Ndipo Paul Stephenson, Roy Hackett na wenzao wakatangaza mgomo mwishoni mwa Aprili 1963: hatupandi mabasi yenu. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana. Tarehe 28 Agosti 1963 kampuni ikasalimu amri. Ni siku ileile ambayo Martin Luther King alihutubia Washington. Tarehe 17 Septemba, Raghbir Singh, Sikh, akawa konda wa kwanza asiye mzungu katika mabasi ya Bristol. Mwaka 1965 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi wa rangi, na kisa cha Bristol kinahesabiwa kati ya vilivyoisukuma.

London kwenyewe palikuwa na mtangulizi. Joe Clough, Mjamaika, aliendesha basi la ghorofa London tangu mwaka 1910. Kwa hiyo asije mtu akasema mtu mweusi aligundua usukani baada ya vita. Na wanawake? Walikata tiketi kwenye mabasi ya London katika vita zote mbili, na wasichana wa Barbados wakakata tiketi baada ya hapo. Lakini mwanamke wa kwanza kuendesha basi la abiria la London alikuwa Jill Viner, na huo ulikuwa mwaka 1974. Miaka yote hiyo mwanamke aliruhusiwa kupiga kengele mbili, ila asiwe yeye anayeondoa gari.

KUMWONDOA KONDA

Kuanzia miaka ya 1960 mahesabu yakaanza kumfuata konda. Wakubwa walipiga hesabu: basi moja, mishahara miwili. Mwaka 1966 London Transport ikatoa mpango wa kuyageuza mabasi yaendeshwe na mtu mmoja, anayeshika usukani na kupokea nauli. Mwaka 1971 yakaingia mabasi ya ghorofa ya aina ya DMS, mlango mbele, konda hakuna. Routemaster likahesabiwa marehemu.

Kumbe marehemu alikuwa anawazika wengine. Abiria walipanga foleni mlango wa mbele wakitafuta chenji, basi limesimama, jiji limesimama nyuma yake. DMS zenyewe zikaharibika ovyo, na kabla miaka ya 1970 haijaisha zikaanza kuondolewa. Routemaster likaendelea, kwa sababu konda hakusubiri mtu: panda, shika, twende, nauli njiani. Hata mwaka 1986, ruzuku na vibali vilipolegezwa nje ya London, kampuni kadhaa ziliyanunua mabasi haya yaliyochoka zikayapeleka Uskoti yakashindane barabarani. Mojawapo ilikuwa Stagecoach. Mkazi wa Nairobi ataliona jina hilo na kutabasamu, maana ndio walewale walionunua hisa nyingi za Kenya Bus mwaka 1991, wakazikuta matatu, wakauza mwaka 1998.

Mwisho ulifika tarehe 9 Desemba 2005. Njia ya 159 ndiyo iliyokuwa imebaki. Basi la mwisho, RM2217, lilirudi depo ya Brixton katikati ya umati wa watu wenye kamera. Brixton ni mtaa ambao watu wa Karibi waliufanya kwao tangu mwaka 1948. Kama ni mpango au ni bahati, mazishi yalipita mlangoni kwa wenye kazi.

Hapa tusidanganyane. Sababu ya kuyaondoa haikuwa pesa tu. Mtu wa kiti cha magurudumu hakuweza kupanda Routemaster hata siku moja. Wakati umati unalia, yuko aliyekuwa nje ya kibaraza kile kwa miaka hamsini, na kwake basi zuri lilikuwa ukuta mwekundu. Miaka ya 1990 watu wenye ulemavu walijifunga minyororo kwenye mabasi ya London kudai nafasi yao. Anayeandika sifa za basi hili bila kuwataja anaandika nusu.

Mwaka 2012 London ikaleta Routemaster jipya, kibaraza cha nyuma kikarudi, na pale nyuma akasimama mtu. Hakukata tiketi, abiria walikuwa wameshazoea kadi. Alikuwa anaangalia usalama tu. Septemba 2016 naye akaondolewa ili kuokoa pesa, kibaraza kikawa mlango wa kufungwa. Basi lilirudi, konda hakurudi.

BATI NA MTU

Sasa rudi pale kwenye bolti. Wapenzi wa Routemaster wanaweza kukuambia bodi fulani ilivaliwa na namba zipi, mwaka gani, karakana gani. Mamia ya mabasi haya yamehifadhiwa, na RM1 ndilo linalopewa kiti cha mbele. Siwalaumu hata kidogo. Kutunza ni kazi, na mwenye kutunza anastahili asante. Lakini uliza jina la konda aliyesimama kwenye kibaraza cha RM1 asubuhi ile ya Februari 1956. Uliza makonda wa Barbados walikula nini siku ya kwanza, walicheka nini depo, walimwandikia nini mama yao. Ni kweli, makumbusho yaleyale yamerekodi sauti za baadhi ya wazee hao, na ni kazi njema. Ila bati lilitunzwa mapema, sauti ikafuata baadaye, wengi wakiwa wameshakwenda zao. Hiyo ndiyo tofauti: chuma kinaweza kusubiri, mtu hawezi.

Na sisi? Kampuni ya DMT ya Dar es Salaam ilitaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa, ndipo ikazaliwa UDA ya mjini, na KAMATA ya safari za mikoani. Yakaja yale Ikarus marefu yenye kiungo katikati, watu wakayaita kumbakumba. Mwaka 1983 daladala zikapewa ruhusa rasmi. Mwaka 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi. Unanunua tiketi kituoni, ndani hakuna konda. Ukitazama vizuri utaona ni hadithi ileile ya London, imechelewa miaka michache na imevaa rangi nyingine.

Hatuna pesa ya kutunza kila basi, na pengine haina haja. Daftari tunalo. Konda wa daladala ana lugha ambayo haimo katika kamusi yoyote: namna ya kumwita abiria, namna ya kumkwepa trafiki, namna ya kumjibu mama anayedai chenji yake. Yeye anaitwa mhuni kwenye magazeti na kijana wa kazi nyumbani kwao, na yote mawili yana ukweli. Wazee waliokata tiketi za UDA na za Kenya Bus bado wapo mitaani, wanacheza bao, wanasubiri mtu awaulize. Mwenye hadithi ya mapenzi aandike, mwenye shairi aandike, nafasi ipo kwenye kurasa hizi. Lakini katika sisi lazima apatikane wa kwenda kuwauliza wazee hawa: kengele yenu ilikuwa ipi? Mshahara shilingi ngapi? Nani alikutukana, na nani alikuletea chai?

Nendeni na kalamu mbili, moja ikiisha wino. Na mkipanda gari kwenda huko, nauli mlipe.